GMO kwenye sahani ya mtoto: Yapi ya kuhofia, yapi ya kuuliza

UJUMBE hufika kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa darasa, mara nyingi usiku. Picha inaonyesha nyanya kubwa iliyodungwa sindano, na chini yake onyo kwamba watoto wanalishwa GMO. Kufikia asubuhi, mama mmoja amekataa unga wa duka, mwingine ameondoa kuku wa broila kwenye mlo, na baba mmoja anauliza iwapo tikitimaji lisilo na mbegu litamfanya bintiye awe tasa.

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anakula nini. Shida ni kwamba asiyejua anachokiogopa hatimaye huogopa kila kitu, na huku hatari iliyo ndani ya gunia la mahindi jikoni haimshughulishi.

Ni nini, na si nini

Mmea wa GMO ni ule ambao jeni zake zimebadilishwa na wataalamu kwenye maabara, mara nyingi kwa kuwekewa jeni ya kiumbe kingine. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yamepewa jeni ya bakteria anayeishi udongoni. Kwa sababu hiyo mmea wenyewe hutengeneza protini inayoua viwavi wanaotoboa bua. Kazi hiyo hufanywa kwenye seli za mmea, kabla hata ya mbegu kupatikana. Hakuna anayezunguka shambani akidunga matunda sindano.

Kuku wa broila si GMO. Hukua haraka kwa sababu wafugaji wamekuwa wakichagua kuku wanaokua haraka kwa miongo mingi, na kwa sababu ya chakula anachopewa. Mahindi ya chotara, ambayo wakulima wa Kenya wamepanda tangu mbegu za Kitale za miaka ya 1960, hutokana na kuchavusha aina tofauti za mahindi. Alama ya F1 kwenye pakiti ya mbegu za nyanya ina maana hiyo hiyo. Maembe ya kupandikizwa hayamo kwenye orodha, wala tikitimaji lisilo na mbegu.

Duniani, mazao ya GMO yanayolimwa kwa wingi ni machache: mahindi, soya, pamba na kanola. Afrika Kusini imekula mahindi meupe ya GMO kwa zaidi ya miaka 20. Nchini Kenya, pamba ya Bt iliidhinishwa kulimwa kibiashara Desemba 2019.

Je, ni salama?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema vyakula vya GMO vilivyo kwenye soko la kimataifa vimepita uchunguzi wa usalama na haielekei kwamba vitaleta madhara kwa afya. Kuhusu jeni zenyewe, kila chakula kinazo, iwe ni sukuma wiki, samaki au maharagwe. Tumbo huzimeng'enya pamoja na vinginevyo. Mtoto hageuki kwa kula jeni za mahindi, kama asivyogeuka kwa kula za maharagwe.

Hata hivyo, WHO pia husema kila aina ichunguzwe kivyake, na sababu ipo. Katika miaka ya 1990, watafiti waliweka jeni ya njugu za Brazil kwenye soya. Uchunguzi uliochapishwa 1996 ulionyesha kwamba soya hiyo ingeweza kuwadhuru watu wenye mzio wa njugu hizo, na haikuingia sokoni. Mwaka 2000 nchini Marekani, mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo pekee, yalipatikana kwenye vyakula vya watu, na bidhaa zikaondolewa madukani. Katika kisa cha kwanza uchunguzi ulifanya kazi. Katika cha pili usimamizi ulilegea. Kwa hiyo swali la mzazi linafaa kuwa: aina hii imechunguzwa na nani, na nani anasimamia inakokwenda?

Hofu nyingi za Wakenya zilichochewa na utafiti mmoja wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini, uliochapishwa Septemba 2012 ukiwa na picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Miezi miwili baadaye serikali ilipiga marufuku uagizaji wa GMO. Mwaka 2013 jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa, likisema panya walikuwa wachache mno na ni wa aina inayopata uvimbe kwa urahisi. Séralini alipinga, na mwaka 2014 ukachapishwa tena katika jarida jingine. Picha zile bado zinazunguka kwenye simu bila maelezo hayo.

Marufuku iliondolewa Oktoba 2022, wakati wa ukame. Kesi zikafuata, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaagiza uagizaji na upanzi usimamishwe hadi rufaa iamuliwe. Wakulima waliokwenda kortini wana hoja nyingine pia, ikiwemo nani atamiliki mbegu na zitauzwa bei gani. Hizo ni hoja nzito, lakini si ushahidi kwamba ugali utamdhuru mtoto.

Haki ya kusoma lebo

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kiandikwe hivyo. Hapa ndipo mzazi ana nguvu. Anaweza kusoma lebo, hasa za bidhaa zinazotoka nje. Nafaka za kifungua kinywa kutoka Marekani, kwa mfano, zinaweza kuwa na neno "bioengineered", ambalo lina maana ya GMO. Akikosa maelezo, amuulize mwenye duka au aiandikie kampuni. Asiyetaka GMO nyumbani ana haki ya kukataa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba ni sumu.

Hatari iliyo karibu zaidi

Wakati wazazi wanabishana kuhusu GMO, kuna sumu ambayo tayari imeua Wakenya. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamelimwa na familia zenyewe. Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha chapa 5 za unga kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na njugu zenye unyevu. Haina rangi wala ladha, na haiishi kwa kupikwa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu husababisha saratani ya ini, na watafiti wameihusisha na kudumaa kwa watoto. Uji wa mahindi na njugu anaoanzishiwa mtoto akifika miezi sita unaweza kuwa nayo kama nafaka zake hazikukaushwa.

Kinga yake haihitaji maabara. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zilizoota kuvu zitolewe kabla ya kwenda kusaga, wala zisipewe kuku au ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa. Njugu chungu au zilizosinyaa zitupwe. Unga wa pakiti uwe na alama ya KEBS na tarehe.

Mzazi anayesoma lebo dukani na kuchambua mahindi kabla ya kuyapeleka kwenye kinu amemlinda mwanawe kuliko yule aliyetuma picha ya nyanya kwa watu hamsini.