Kigari Kidogo Kisinyimwe Udogo Wake



Juma hili tungependa tutafakari pamoja jambo ambalo huenda likaonekana kuwa la mafundi peke yao, ilhali linamgusa kila anayepanda gari kwenda shambani, zahanatini au shuleni. Nalo ni desturi ya kulichukua gari dogo la zamani linaloendeshwa kwa magurudumu manne, kulipandisha juu, kulivika matairi makubwa na kulitwika vyuma, hadi lifanane na magari yaliyolizidi umbo. Tutazungumzia hasa ile Suzuki ndogo ya mfululizo wa SJ, ijulikanayo pia kama Samurai, ambayo tangu mwaka 1985 iliundwa India kwa jina la Maruti Gypsy, na ambayo nchini Kenya wengi huiita Maruti tu.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1970 Suzuki walitoa LJ10, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 359. Mwaka 1981 ikaja SJ410, yenye injini ya sentimita za ujazo 970, na baadaye SJ413 yenye injini ya lita 1.3. Hizo si nguvu za kujivunia. Sifa ya gari hili haikutoka katika nguvu bali katika wepesi: lina uzito usiofika tani moja. Mahali ambapo gari zito huchimba udongo na kuzama, hili hupita juu juu. Likikwama, watu wachache wenye jembe na ubao hulitoa. Hupita kati ya miti na kugeuka penye nafasi finyu. Udogo wake, basi, si upungufu wa kusahihishwa. Ndio karama yake.

Je, tunasema lisibadilishwe kamwe? La hasha. Tarehe 21 Aprili 2007, raia wawili wa Chile, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales, waliendesha Suzuki Samurai iliyofanyiwa mabadiliko hadi mita 6,688 juu ya usawa wa bahari, kwenye mlima wa volkano wa Ojos del Salado. Wakati ule hakuna gari lililokuwa limefika juu kiasi hicho. Anayedai kwamba gari la zamani halifai kuguswa na apande mlima huo kwanza. Lakini wale walijua wanakwenda wapi, na kila walichobadilisha kilitumikia safari ile. Wengi wetu hubadilisha kwanza, kisha ndipo tujiulize tunakwenda wapi.

Hoja yetu ni hii: kila badiliko lina bei yake, na mara nyingi anayelipa bei hiyo si yule aliyelitaka. Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote.

Tutazame kwanza suala la kupandisha gari. Katika Suzuki hizi springi za vyuma bapa zimefungwa chini ya ekseli. Fundi akizihamishia juu ya ekseli, bodi hupanda kwa sentimita 12 au zaidi, na mwenye gari hufurahi. Lakini ni nini hasa kilichopanda? Bodi imepanda, na pamoja nayo injini, viti na watu. Difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli na ambalo ndilo hugonga jiwe kwanza, limebaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Na hata tairi huliinua kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka: ukitoka tairi la sentimita 67 kwenda la sentimita 75, difu limepanda sentimita 4.

Bei ya sentimita hizo 4 ni ipi? Tairi limekuwa kubwa kwa karibu asilimia 12. Injini ile ndogo sasa hulemewa katika kila gia, na mlimani hukohoa. Kipima mwendo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda karibu 90. Breki nazo, ambazo katika SJ410 za mwanzo ni za ngoma kwenye magurudumu yote manne, zinalazimika kulizuia gurudumu kubwa na zito zaidi kwa nguvu ileile ya zamani. Mwenye gari hayaoni hayo gereji. Atayaona kwenye mteremko, siku ya mvua, gari likiwa limejaa.

Tena liko suala la kupinduka. Gari likata konapo kwa kasi, usalama wake hutegemea uwiano kati ya nusu ya upana wa magurudumu na kimo cha kitovu cha uzito. Magurudumu ya Samurai yameachana kwa takriban mita 1.3 tu. Ukipandisha bodi bila kuongeza upana huo, umekipandisha kitovu cha uzito. Ukiongeza keria juu ya paa na kuipakia magunia, umekipandisha tena. Tukumbuke kwamba hata kabla ya kuguswa na fundi gari hili lilizua mjadala mkubwa. Mwaka 1988 Consumers Union, wachapishaji wa jarida la Consumer Reports la Marekani, walilitangaza kuwa halikubaliki baada ya majaribio ya kukwepa kikwazo ghafla. Mwaka huohuo mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuyarudisha magari hayo kiwandani. Suzuki walifungua kesi mwaka 1996, na pande mbili zikapatana mwaka 2004. Wachapishaji wakaeleza kwamba hawakukusudia kusema kuwa gari hilo hupinduka kirahisi katika uendeshaji wa kawaida. Hatuna haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Inatosha kutambua kwamba ikiwa wataalamu walibishana miaka mingi juu ya gari lenye kimo cha kiwandani, haifai kuliongezea kimo kwa mzaha.

Hebu tujiulize sasa: ni nani anayeketi nyuma? Katika nyingi za Suzuki hizi abiria wa nyuma hukaa kwenye mabenchi ya pembeni, wakitazamana. Anaweza kuwa mwalimu aliyeomba kusogezwa, mama anayepelekwa kujifungua, au watoto wanaotoka shule. Hao hawakushauriwa springi zilipohamishwa. Wapo watakaosema, “Gari ni langu, nami nalifanya nitakavyo.” Gari ni lako, ndiyo, shingo ya abiria si yako, wala barabara si yako peke yako.

Ni nini basi kifanyike? Twapendekeza utaratibu ufuatao.

Kwanza, litengenezwe kabla ya kubadilishwa. Chesisi ichunguzwe kutu, breki zirudishwe katika ubora wake, na beringi za viungo vya magurudumu ya mbele zikaguliwe, maana zikilegea usukani hutetemeka vibaya. Fedha nyingi humwagwa juu ya gari ambalo ugonjwa wake ulikuwa beringi na mpira wa springi.

Pili, matairi yawe mazuri kabla ya kuwa makubwa. Tairi la kashata linaloshika matope, lenye ukubwa ulio karibu na ule wa awali, husaidia kuliko tairi kubwa lililochakaa.

Tatu, gia zifuate matairi. Suzuki hizi zina kisanduku cha gia za magurudumu manne kilichojitenga na giaboksi, na gia zake huweza kubadilishwa ziwe nzito zaidi, ili gari litambae polepole mawe yanapozidi. Aliyeongeza tairi akasahau gia ameifanya nusu ya kazi, nayo ni ile nusu mbaya.

Nne, kupandisha kuje mwisho, na kuwe kwa kiasi: sentimita chache zinazotosha kwa kazi iliyopo. Mizigo nayo ikae chini, si juu ya paa.

Tunaandika haya kwa heshima kwa mafundi wetu, ambao mikono yao imeyaweka magari haya barabarani kwa miongo mingi baada ya wengine kuyakatia tamaa. Fundi mwema ndiye anayethubutu kumwambia mteja wake, “Hili halikufai,” hata kama atapoteza ujira wa siku mbili. Na mteja mwema ndiye anayemsikiliza, akarudi nyumbani na gari lililo dogo kama lilivyokuja, lakini lenye breki zinazoshika.