Bafe Ana Majina Matatu, Ukuta wa Mshipa Hauna Hata Moja

Nyoka anayeogopwa na wachungaji wa nyika za Voi na Taita Taveta kwa jumla ana utajiri wa majina. Huyu humwita bafe, yule kifutu, mwingine moma. Ajabu ni kwamba lugha iliyomlimbikizia nyoka majina matatu haina istilahi moja iliyozoeleka ya kile ambacho sumu yake hukishambulia. Upungufu huu tusiwaachie wanasayansi pekee. Ni wetu sisi tulio katika idara za Kiswahili.

Ukuta wa mshipa wa damu haukujengwa kwa seli tupu. Baina ya seli kuna mfumo wa nyuzi na ute ambao seli zenyewe huutoa. Mna nyuzi za kolajeni, zilizo ngumu, na za elastini, zinazovutika na kurudi. Katika ateri kubwa, elastini hupokea kishindo cha kila pigo la moyo, nayo kolajeni huuzuia mshipa usitanuke kupita kiasi. Mkazi wa Mwatate, aliyezoea kuona nyuzi za mkonge zikigeuzwa kamba, hahitaji maelezo marefu hapa. (Elastini hutengenezwa zaidi utotoni, ndiyo sababu mojawapo ya ateri za wazee kukakamaa.) Hata kiseyeye ni ugonjwa wa nyuzi hizi: pasipo vitamini C kolajeni haikazi, na fizi huvuja damu.

Katika kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, seli zimepangwa safu moja juu ya utando mwembamba wenye kolajeni. Vimeng'enya fulani vya sumu ya bafe huukata utando huo. Hapo msukumo wa kawaida wa damu hutosha kuupasua ukuta; damu huvuja, kiungo huvimba. Mwambie mchungaji kwamba aliyeumwa asichanjwe kwa wembe, naye atauliza kwa nini. Mwambie kwamba afikishwe hospitalini upesi, atauliza tena. Jibu limo katika ukuta huo: dawa ya kupinga sumu huinasa sumu, haishoni utando uliokwisha kukatwa. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha madhara ya kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Je, sisi tutayaeleza kwa maneno gani?

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na sayansi haikusubiri. Wapo watakaosema tutohoe tu, tuseme "matriksi". Sipingi utohozi, kolajeni na elastini zibaki. Lakini "matriksi" itamfahamisha nani? Napendekeza "kiunzi cha nje ya seli", na ule utando wa kapilari uitwe "utando msingi". Neno "nje" lisidondoshwe, kwani seli ina kiunzi chake cha ndani pia. Kasoro ninayoiona ni kwamba kiunzi hudhaniwa kuwa kitu kilichokufa, ilhali hiki huziathiri seli: ugumu au ulaini wake huchangia kuamua kama zitagawanyika au zitatulia.

Basi istilahi hii ijaribiwe Voi kabla ya kutiwa kamusini. Muuguzi aitumie, mchungaji aisikilize, nasi tukae kando tuone kama bado atauliza kwa nini.