KITI CHA MAGURUDUMU SI MZIGO

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria njema, nasi twaiunga mkono. Lakini sheria yaweza kumpa mtu kazi Kariakoo, na gari la kutoka Mbagala likamwacha kituoni. Mfanyakazi anayefika kazini saa nne kila siku hatadumu katika kazi hiyo, hata akiwa fundi hodari kupita wenzake wote. Kwa hiyo twasema wazi: haki ya kufanya kazi isiyofuatana na haki ya kusafiri ni nusu ya haki.

Jambo hili si la watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, watu 11 hivi wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Hao ni wazazi wetu, ni wafanyakazi wenzetu, ni wanachama wa matawi yetu. Na wazee wetu walisema hujafa hujaumbika. Anayeruka ngazi za daladala leo hajui kesho atazipandaje.

Watu wengi, wakiona abiria mwenye ulemavu ameachwa kituoni, humlaumu kondakta. Lawama hiyo ina haki yake, maana lugha ya matusi haina udhuru. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumekata matawi na kuacha mzizi. Mwenye gari hudai hesabu yake kila jioni, na dereva na kondakta hula kile kinachobaki. Gari likisimama dakika tatu ili kumpakia mtu pamoja na kiti chake cha magurudumu, gari la nyuma hulipita na kuzoa abiria wa kituo kinachofuata. Kwa mpango huo huruma imegeuzwa kuwa hasara, na hasara yenyewe humwangukia mfanyakazi, si mwenye mali. Mpango unaomwadhibu mtu kwa wema wake hautengenezwi kwa mahubiri peke yake. Hutengenezwa kwa kanuni inayowabana wote sawasawa, ili anayesimama asipate hasara kuliko anayekimbia.

Wako wanaosema kuwa nchi yetu bado haina uwezo wa mambo hayo. Hatukubaliani nao, na ushahidi tunao hapa hapa nyumbani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa sakafu yake ikiwa usawa na sakafu ya basi, ili mtu aingie bila kupanda ngazi wala kubebwa. Aliyenufaika si mwenye kiti cha magurudumu peke yake: alinufaika mama mjamzito, mzee mwenye mkongojo na mchuuzi mwenye kapu lake. Kinachowafaa wenye ulemavu huwafaa watu wote. Na mteremko unaowekwa wakati wa kujenga ni gharama ndogo kuliko ngazi zinazobomolewa baadaye.

Hata hivyo, miaka iliyofuata imetufundisha kuwa sakafu peke yake haitoshi. Mabasi yakipungua, na watu wakasukumana mlangoni, mwenye fimbo nyeupe hubaki pale pale mabasi matatu yakipita. Tena mteremko wa kituo haumfai mtu ikiwa njia ya kuufikia imezibwa na pikipiki, meza za biashara au mtaro usio na kifuniko. Safari huanza mlangoni pa nyumba, haianzi mlangoni pa basi.

Wala mahitaji ya watu hawa si ya namna moja. Kelele za kondakta anayetaja vituo huwaudhi wengine, lakini kwa asiyeona ndizo kibao chake. Kwa kiziwi mambo ni kinyume: yeye hutegemea maandishi na rangi iliyopakwa ubavuni mwa gari. Basi la kisasa lisilotangaza kituo kwa sauti na kwa maandishi humwacha mmoja wao gizani.

Nini basi kifanyike? Kwanza, twaiomba LATRA, yenye madaraka ya kutoa leseni za magari ya abiria, iweke sharti kwamba kila njia iwe na idadi maalumu ya magari yanayopandika kwa urahisi, na idadi hiyo iongezwe mwaka hadi mwaka. Pili, kiti cha magurudumu kisitozwe nauli popote. Kiti hicho si mzigo. Ni miguu ya mtu, na hakuna abiria anayelipia miguu yake. Tatu, wenye magari wawape madereva na makondakta mshahara wa kueleweka badala ya kuwakimbiza kwa hesabu. Nne, vyama vya watu wenye ulemavu viitwe kabla ramani ya kituo haijachorwa, wasiitwe siku ya kukata utepe.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Lakini wanachama wetu hawahitaji kwenda mbali hivyo kutafuta wajibu wao. Ahadi ya kwanza ya mwanachama humhesabu kila binadamu kuwa ndugu. Ahadi hiyo hutamkwa mkutanini, lakini hupimwa kituoni saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa limejaa na ndugu yetu akiwa bado yuko chini. Tusimame, tumpishe, apande. Kisha twende kwenye matawi yetu tukadai mpango utakaomwezesha kupanda bila kungoja hisani ya mtu yeyote.