Kinywa Kipimwe Kabla Hakijauma



Katika mashamba na viwanda vyetu, wengi wetu tunamjua daktari wa meno kwa kazi moja tu, nayo ni kung'oa. Jino likituamsha usiku, asubuhi tunaomba ruhusa, tunang'olewa, na kesho yake tunarudi zamu. Lisipouma, hatuendi. Sisi tunasema kwamba mazoea haya yanatupotezea watu, kwa sababu ugonjwa wa kinywa unaoua kuliko mengine mara nyingi hauanzi kwa maumivu. Ugonjwa huo ni saratani, au kansa kama tunavyozoea kuiita.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao 390,000 duniani walipatwa na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 188,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Visababishi vyake vikubwa vinajulikana. Kwanza ni tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kutafuna, au ya kubana chini ya mdomo kama ugoro na kuberi. Pili ni pombe. Na anayevuta huku akinywa hujiongezea hatari maradufu. Tatu ni tambuu yenye popoo. Jua kali nalo hudhuru midomo, hasa ya ndugu zetu wenye ualbino wanaoshinda mashambani.

Dalili za mwanzo ni ndogo, na ndiyo maana tunazidharau: kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu shavuni au ulimini, uvimbe, ganzi, au jino linalolegea bila sababu. Si kila kidonda ni saratani. Lakini si kazi yetu kubahatisha; ni kazi ya mtaalamu kutuambia.

Daktari wa meno akifanya kazi yake sawasawa, haangalii meno peke yake. Hutazama midomo, mashavu kwa ndani, ufizi, kaakaa, ulimi juu na pembeni, na chini ya ulimi, kisha hupapasa shingo kutafuta matezi yaliyovimba. Kazi hii haichukui ila dakika chache, na haina maumivu. Akiona la kutilia shaka, hukata kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara. Takwimu za Marekani zaonyesha faida yake: ugonjwa ukigunduliwa kabla haujatoka mahali ulipoanzia, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukisha kusambaa mbali mwilini, ni kama 4 tu kati ya 10.

Waajiri watatujibu kwamba mashambani hakuna madaktari wa meno. Jibu hilo halitoshi. Huko Kerala, India, uchunguzi mkubwa ulianza mwaka 1996, ukahusisha watu zaidi ya 190,000. Waliokwenda kutazama vinywa vya watu hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa afya waliofunzwa kazi hiyo. Waliokutwa na dalili ndio waliopelekwa kwa daktari. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005: miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 wakilinganishwa na wenzao wasiopimwa. Kilichohitajika ni macho yaliyofunzwa, taa, na mpango wa kurudi mara kwa mara. Zahanati gani ya shamba haiwezi kupata taa?

Kwa hiyo tunapendekeza viongozi wetu wa matawi wapeleke mambo matatu katika meza ya majadiliano. La kwanza, kila mfanyakazi atazamwe kinywa mara moja kwa mwaka, na mhudumu wa zahanati afunzwe kazi hiyo. La pili, anayekutwa na dalili apelekwe hospitali mara moja, nauli ikiwa juu ya mwajiri. La tatu, siku hiyo isikatwe mshahara. Hatuombi jambo geni. Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unasema uangalizi wa afya ya wafanyakazi kuhusiana na kazi zao usiwapunguzie mapato, uwe wa bure, na ufanyike saa za kazi kadiri iwezekanavyo. Sisi tunadai kanuni hiyo hiyo ifike mpaka kinywani.

Lakini haki haitembei bila wajibu. Tunajua kwamba wengi wetu tunabana ugoro ili tusisinzie zamu ya usiku, au ili njaa itulie mpaka saa ya chakula. Hiyo ni sababu ya kudai zamu fupi na chakula kazini. Si sababu ya kuendelea kujiua polepole. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, ilipiga marufuku tumbaku ya kutafuna na kubana. Sisi tusingoje askari atutoe ugoro mdomoni.

Basi, ndugu, mwenye kidonda cha wiki mbili aende zahanati wiki hii, na mwenzake wa zamu amsindikize akisita. Na mkutano wa tawi ujao, suala la vinywa vyetu liandikwe katika ajenda.