Nani aliyaona makadirio ya mahindi kabla ya wakulima?

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa msimamizi wa makadirio ya mavuno

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Nyanda za Juu Kusini, ambako mashine za kupukuchulia zimenyamaza na maghala mengi ni matupu kuliko yanavyopaswa kuwa wakati huu. Mwandishi wa barua hii ni mkulima wa mahindi na mwanachama wa ushirika wa msingi kijijini kwake. Anamheshimu Mheshimiwa kwa cheo chake na kwa kazi ngumu aliyokabidhiwa. Angependa kumheshimu kwa zaidi ya hapo, ila kuna Ijumaa moja ya Julai inayomzuia.

Ijumaa hiyo ofisi ya Mheshimiwa ilitangaza kwamba mavuno yatakuwa pungufu kuliko yalivyokadiriwa Mei, kwa kuwa mvua zilikatika mapema, na kwamba ununuzi wa akiba ungeanza mara moja. Tangazo lenyewe halikuwa na kosa. Mvua zilikatika kweli, na kila mwenye jembe alijua hali ya shamba lake. Ambacho hakuna mkulima aliyekijua ni hali ya mikoa mingine na uamuzi wa serikali. Kufikia Jumatatu, bei ya kilo ilikuwa imepanda shilingi 150.

Shida ni Alhamisi. Jioni ya Alhamisi, kigiza kikianza kuingia, Fuso ziliingia kijijini zikiwa na madalali ambao mwaka mzima huwa hawana haraka. Mheshimiwa huenda hajawahi kumwona dalali kazini, basi aelezwe. Dalali wa kawaida huchoma gunia kwa bambo, humwaga punje kiganjani, huzipulizia, huuma moja kusikia kama imekauka. Kisha hulalamikia vumbi, hulalamikia dumuzi, hudai lumbesa, huaga, huondoka, na hurudi baada ya saa moja na bei ileile. Jioni ile bambo halikutoka mfukoni. Walichukua hata mahindi ambayo hayajakauka vizuri, wakaongeza shilingi 20 juu ya bei ya asubuhi bila kuombwa, wakahesabu noti kwa taa ya pikipiki, na hadi saa nne usiku magari yalikuwa yamekwisha kushika barabara kuu. Mwandishi aliuza karibu mavuno yake yote na akalala akimshukuru Mungu. Asubuhi iliyofuata akasikia redio.

Nani aliiona namba ile kabla ya Ijumaa?

Inawezekana hakuna. Mfanyabiashara mkubwa mwenye mawakala katika wilaya kumi anaweza kujumlisha mwenyewe na akapata jibu lilelile, na hiyo ni akili yake na haki yake. Mwandishi hana ushahidi dhidi ya mtu yeyote, na wala haombi mtu akamatwe. Lakini Mheshimiwa naye hawezi kuthibitisha kwamba namba haikutoka ofisini kwake usiku uliotangulia, kwa sababu namba hiyo haikuwa na siku wala saa ya kutoka, na hakuna daftari linaloonyesha nani aliishika kabla ya kutangazwa. Ofisi isiyo na saa haiwezi kumtetea hata mtumishi wake mwaminifu.

Wenzetu walilijifunza hilo kwa aibu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1905, katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, mtakwimu mmoja aitwaye Edwin Holmes aligundulika akiwauzia walanguzi wa pamba makadirio ya serikali kabla hayajatangazwa. Simulizi inayorudiwa hadi leo ni kwamba alikuwa akitumia pazia la dirisha la ofisi: likipandishwa au kushushwa kwa namna fulani, aliyesimama nje alijua zao limezidi au limepungua, akakimbilia sokoni. Holmes alifukuzwa, mkuu wake akajiuzulu, ikaundwa bodi ya kuandaa ripoti ili namba isikae tena mikononi mwa mtu mmoja, na mwaka 1909 ikapitishwa sheria ya kumwadhibu mtumishi anayevujisha makadirio ya mazao.

Hawakuishia kwenye sheria. Siku ya ripoti, watakwimu hufungiwa katika sehemu maalumu ya jengo la wizara mjini Washington. Mlangoni kuna mlinzi, simu na intaneti hukatwa, na madirisha hufunikwa, kwa heshima ya bwana Holmes. Hakuna anayetoka hadi saa ya tangazo. Tangu Januari 2013 saa hiyo ni saa sita kamili mchana, na tarehe za mwaka mzima hujulikana mapema, kiasi kwamba mkulima wa Iowa anaweza kupanga harusi ya bintiye asigongane na ripoti ya Agosti. Waandishi wa habari nao walikuwa wakiruhusiwa kuingia humo ndani na kuandaa taarifa zao, hadi mwaka 2018 wizara ilipoona kwamba mashirika ya habari yanawafikishia wateja wao namba sekunde chache kabla ya watu wengine. Ikawaondoa. Kwa ajili ya sekunde, Mheshimiwa. Huku kwetu tunazungumzia usiku mzima wenye Fuso.

Asije mtu akasema Wamarekani ni malaika. Tarehe 12 Agosti 2019 wizara ileile ilitangaza kwamba wakulima wake wamepanda mahindi ekari milioni 90, wakati soko lilikuwa likitarajia kama milioni 88 baada ya masika ya mafuriko. Mjini Chicago bei ilianguka senti 25 kwa busheli, yaani kilo 25 na kidogo, na huo ndio ulikuwa mwisho wa kushuka unaoruhusiwa kwa siku moja. Wakulima walikasirika hadi mtumishi mmoja wa takwimu akatishiwa, na wizara ikawaondoa watu wake kwenye ziara ya kukagua mashamba iliyokuwa ikiendelea wiki iliyofuata. Lakini hasira ile ilihusu namba yenyewe, si kwamba jirani alijua jana yake. Waliumia wote saa sita mchana.

Hapa ndipo Mheshimiwa anapoombwa atulie kidogo, kwa sababu hasara ya mwandishi ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Namba ya serikali haibebi gunia hata moja, ila huhamisha bei kwa kadiri inavyotofautiana na kile ambacho wanunuzi walikwishakitarajia. Ikitoka siku inayojulikana, mshtuko huja mara moja, bei hutafuta mahali pake, kisha watu hurudi kazini. Isipokuwa na siku, kila siku ni siku ya hatari. Mnunuzi hajui kama kesho utatangazwa upungufu, ziada, ununuzi wa akiba au kufungwa kwa mpaka, kwa hiyo hujikinga kwa kupunguza bei anayompa mkulima. Hofu yake inakatwa kwenye gunia letu. Na yule mnunuzi mmoja asiye na hofu, kwa sababu amekwishaambiwa, huchukua tofauti yote peke yake. Mwenye habari ya mapema huvuna shamba ambalo hakulilima.

Hofu ya mpaka si ya kubuni. Juni 2017 serikali ya Tanzania ilizuia mahindi kuvuka kwenda nje, malori yakakamatwa njiani, na msimu uliofuata mahindi yakadoda mikononi mwa wakulima wa Rukwa, Ruvuma na Songwe kwa bei isiyorudisha hata gharama ya mbolea. Majirani nao wana yao: Novemba 2022, wakulima wa Bonde la Ufa wakiwa katikati ya mavuno, waziri wa biashara wa Kenya alitangaza kuingiza magunia milioni kumi bila ushuru. Halikuwa limefika gunia hata moja Mombasa, na tayari wanunuzi walikuwa na sababu ya kumwambia mkulima apunguze.

Namba ikiwa na kosa, nayo ina gharama zake. Mapema mwaka 2022 serikali ya India ilikadiria ngano zaidi ya tani milioni 111. Aprili waziri mkuu wake akasema nchi iko tayari kuilisha dunia. Joto la Machi likawa limekwisha kuunguza masuke, na tarehe 13 Mei ikapigwa marufuku kuuza ngano nje. Malawi ni habari ya kusikitisha zaidi. Makadirio ya mwaka 2001 yalihesabu mihogo na viazi vitamu kupita kiasi, watu wakaaminishwa kwamba chakula kipo, na akiba ya taifa ikawa imeuzwa karibu yote. Mwanzoni mwa 2002 watu walikufa kwa njaa, mamia kwa makadirio ya chini na maelfu kwa ya juu. Mwandishi anamkumbusha Mheshimiwa mambo haya ili asije akajibu kwamba takwimu ni karatasi tu.

Anajua pia jinsi takwimu zetu zinavyopatikana. Afisa ugani mmoja ana vijiji kadhaa, pikipiki yake haina mafuta, na fomu inatakiwa wilayani kesho. Anasimama barabarani, anaangalia mahindi yaliyo karibu na barabara, ambayo kwa kawaida ndiyo mazuri, anaandika. Wilaya inajumlisha, mkoa unajumlisha, na kinachofika juu kina tarakimu nyingi za kupendeza. Mwandishi hamlaumu afisa huyo. Anauliza tu kwa nini namba iliyozaliwa hivyo hutangazwa bila kusema inaweza kupotoka kwa kiasi gani, na kwa nini ya Mei ilibadilika Julai bila mtu kueleza ni wilaya zipi zilizoibadilisha.

Kuna jambo moja linalomtatiza zaidi. Nchi hii ilipata kuzijali sana takwimu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kutangaza namba zinazopingana na za serikali, hadi mwaka 2019 yalipolegezwa baada ya kelele, za Benki ya Dunia zikiwamo. Kwa hiyo ulinzi tunaujua. Tulifikiria kwa makini nani asiseme namba. Nani asiione kabla ya wengine, hilo halisikiki likijadiliwa.

Sasa maombi. La kwanza, na kubwa kuliko yote, ni saa. Makadirio ya mavuno yatoke tarehe zinazotangazwa tangu mwanzo wa msimu, saa moja inayojulikana, kwa redio, kwa ujumbe wa simu na kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na kabla ya saa hiyo yasisomwe na mtu yeyote ambaye jina lake haliko daftarini. Waziri awemo daftarini. Mkuu wa mkoa awemo. Dereva aliyepeleka bahasha awemo. Baada ya tangazo, daftari hilo liwe wazi kwa anayetaka kulisoma. Jengo jipya halihitajiki, wala mkopo, wala semina ya siku tatu Morogoro. Mlango mmoja wenye kufuli unatosha.

Uamuzi wa kununua akiba au kufunga mpaka usitangazwe kwa pumzi moja na makadirio, maana ofisi inayohesabu mahindi haipaswi kuwa ndiyo inayopanga kuyanunua. Na namba zibebe kiwango chake cha makosa.

Mheshimiwa atasema haya yote yako kwenye mchakato. Mchakato ni neno ambalo mkulima amelizoea: mbolea ya ruzuku iko kwenye mchakato hadi mahindi yanafika magotini, mizani ya kuondoa lumbesa iko kwenye mchakato tangu watoto wa mwandishi hawajazaliwa, barabara ya kutoka kijijini iko kwenye mchakato kila kampeni. Ajabu ni kwamba ushuru wa mazao haujawahi kuwa kwenye mchakato. Kizuizi chake huwekwa barabarani alfajiri ya siku ya kwanza ya mavuno na karani wake hachelewi. Serikali inayoweza kujua saa ambayo gunia langu linapita getini inaweza pia kujua saa ambayo namba yake inatoka mlangoni.

Mwandishi alitumia njia rasmi kwanza, kama ilivyo adabu. Alipeleka barua, akapewa mhuri wa kupokelewa, akaambiwa arudi. Aliporudi, afisa kijana mwenye lugha nzuri alimweleza kwamba bei hupangwa na soko, na kwamba hakuna aliyemlazimisha kuuza Alhamisi. Ni kweli, hakuna aliyemlazimisha. Hata hivyo anaomba kuuliza tena, mara hii hadharani, nani aliiona namba ile kabla ya Ijumaa, maana tofauti ile ya bei haikupotea hewani. Iko mfukoni mwa mtu, na mtu huyo msimu ujao atakuja tena na Fuso.

Wanachama wa ushirika wamekwisha kukubaliana la kufanya. Kuanzia Juni ijayo, dalali akija usiku bila bambo, akiongeza bei bila kuombwa, ghala halitafunguliwa hadi litoke tangazo la serikali, hata likichelewa wiki tatu na mahindi yakaanza kuliwa na dumuzi. Tutapata hasara katika baadhi ya misimu, na tunalijua hilo. Majibu ya Mheshimiwa yaelekezwe kwa katibu wa ushirika, ambaye atayasoma kwa sauti kwenye mkutano wa wanachama utakaotangazwa siku saba kabla. Wanunuzi nao wanakaribishwa kuyasikia, saa ileile na sisi.