Kukhu Aliuliza Jiwe Langu Linanoa Nini

Sawa, leo wacha niseme kitu ambacho kitanikosanisha na watu. Nimekuwa na kristali ya pinki kwa karibu mwaka mzima. Haijaniponya. Na bado siitupi.

Ngoja niwaeleze.

Mwaka jana mwezi wa tatu, kuka wangu alifariki huko Bungoma. Ndiye alinilea hadi nikamaliza darasa la nane. Jumatano alinipigia nikiwa kazini hapa Kitale, duka limejaa wateja. Nikaona jina lake kwa simu, nikasema nitampigia jioni. Jioni nikasahau. Alhamisi pia. Ijumaa asubuhi simu iliyoingia ilikuwa ya mjomba.

Tukazika, na kesho yake nikapanda matatu nikarudi Kitale. Hata kumuse sikungojea. Kama wewe si Mbukusu: mzee akishazikwa, siku chache baadaye watu hukusanyika tena. Msemaji, omuswali, anatembea katikati ya umati na fimbo yake, anaongea kuhusu ukoo, kuhusu maisha, anawaonya walio hai na kuwatuliza walioachwa. Mimi nilisema kazi inaningoja. Ukweli ni kwamba niliogopa kuketi pale na ile simu moja imenikwama kifuani.

Sasa usiku silali. Na wewe unajua, ukikosa usingizi TikTok inakujua kuliko mama yako. Ikaniletea dada mmoja mwenye sauti laini, ameshika jiwe la pinki, anasema linafungua moyo, linatoa huzuni ya zamani, ndani ya wiki tatu unakuwa mtu mpya. Nikatuma elfu moja mia tano kwa M-Pesa. Hiyo ni unga na mafuta ya wiki mbili, jamani.

Na sitadanganya, nilihisi kitu. Siku ya kwanza nililishika dakika kumi nimeketi kitandani, nikalia hadi shati likalowa. Nikasema, manze, hii kitu inafanya kazi!

Hapo ndipo nataka tufikirie pamoja. Mwaka 2001, mwanasaikolojia Christopher French wa Goldsmiths, London, alitoa matokeo ya utafiti aliofanya na watu 80. Baadhi walipewa kristali za kweli, wengine za bandia, na hawakuambiwa ni zipi. Wakatulia nazo dakika tano. Watu wakahisi joto mkononi, wakahisi utulivu, mambo kama hayo. Lakini wenye za bandia walihisi yaleyale kama wenye za kweli. Na walioelezwa mapema watarajie nini ndio walihisi zaidi.

Kwa hivyo kilio changu hakikutoka kwa jiwe. Kilitoka kwa zile dakika kumi. Zilikuwa dakika kumi za kwanza tangu mazishi ambazo niliketi bila simu, bila wateja, bila kujifanya niko sawa.

Na jiwe lenyewe ni nini? Ni kwatzi, yaani silikoni na oksijeni. Mchanga wa mto, ule unaomwagwa na lori kwenye mjengo, kwa sehemu kubwa ni kwatzi hiyohiyo, imesagika tu. Lile la njano wanalouza ati linavuta pesa, sitrini, mara nyingi ni amethisti ya zambarau iliyochomwa kwa moto mkali hadi ikageuka rangi. Ni mawe mazuri, sikatai. Lakini uzuri si dawa.

Sasa, Disemba nikaenda Bungoma. Matatu ya Kitale ikapita Kiminini, Kamukuywa, hadi Webuye, nikabadilisha hapo. Jiwe mfukoni. Kukhu akaliona nikitoa vitu mfukoni nifue nguo. Akalichukua, akaligeuzageuza, akaniuliza:

"Na hili linanoa nini?"

Kwa kukhu, jiwe lazima liwe na kazi. Pale nje ya jikoni kuna la kunoa panga, ambalo kuka alilitumia hadi likabonyea katikati. Kuna lingine la kuzuia mlango. Nikacheka. Halafu nikaanza kulia. Halafu nikamwambia kuhusu ile simu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Kukhu akanyamaza kidogo. "Jumatano ile? Alipigia kila mtu. Alitaka kujua kama mvua imefika Kitale, ili tupande mahindi. Hata mjomba wako hakushika."

Mvua. Miezi tisa nimejishtaki, nimejihukumu, nimejifunga, kumbe mzee alikuwa anauliza mvua.

Kristali gani ingeniambia hivyo?

Msimamo wangu ni huu. Simcheki mtu mwenye jiwe. Kuna wenye rozari, kuna wenye tasbihi, kuna wenye picha ya mama kwenye pochi. Mkono unataka kitu cha kushika, na hiyo ni sawa. Lakini anayekuuzia jiwe akisema linatibu depresheni, au anayekwambia uache dawa za hospitali, huyo ni mwizi mwenye sauti laini. Na kuna ubaya mwingine wa chinichini: jiwe linakuruhusu ubaki peke yako na kidonda chako, halafu uite hiyo kujijenga. Mimi nilibadilika siku niliposema jambo la aibu mbele ya mtu anayeweza kunijibu. Jiwe halijibu.

Najua si kila mtu ana kukhu. Kwa wengine, nyumbani ndiko walikoumia. Basi tafuta mtu mmoja: rafiki, shangazi, mwalimu wa zamani. Red Cross wana laini ya bure, 1199, unaongea na mtu. Na kama ni wiki kadhaa hulali, huli, au unawaza kufa, nenda hospitali. Usianzie TikTok.

Jiwe langu sasa liko dirishani. Nikiliona, nampigia kukhu. Jana ameniuliza kama mvua imeanza huku. Nikamwambia bado.

Kuna mtu unajua hujampigia. Mpigie leo.