Utafiti wafika magazetini, masharti yabaki njiani

Na Mwandishi Wetu, Dakawa

KATIKA mashamba ya mpunga ya Dakawa, wilayani Mvomero, tofauti kati ya hekta na eka si somo la darasani. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Mkulima anayesoma gazetini kwamba mbinu mpya huzaa tani nane kwa eka, ilhali mtafiti aliandika tani nane kwa hekta, ataingia msimu na hesabu iliyozidi ukweli mara mbili na nusu. Huenda hata mkopo wa mbolea ameuchukua kwa hesabu hiyo hiyo.

Mwandishi wa makala haya amewahi kufanya kosa hilo, katika habari fupi ya kurasa za ndani. Hakuna msomaji aliyepiga simu kulalamika, na ukimya huo unamsumbua mpaka leo.

Kosa la vipimo, hata hivyo, ni rahisi kulisahihisha. Gumu zaidi ni neno dogo "hadi". Tuchukue mfano wa kilimo shadidi, mbinu iliyoasisiwa nchini Madagascar mwanzoni mwa miaka ya 1980 na padri Mfaransa, Henri de Laulanié. Miche hupandwa ikiwa michanga, ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa nafasi pana, na jaruba huloweshwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kujaa maji msimu mzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) waliijaribu Mkindo, katika wilaya hii hii ya Mvomero, na mavuno yakapanda.

Lakini taarifa za kutoka Madagascar zilizodai zaidi ya tani 15 kwa hekta ziliwagawa wanasayansi. Mwaka 2004, John Sheehy na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya sehemu tatu nchini China, na hawakuona mbinu hiyo ikizidi kilimo bora cha kawaida. Watetezi wake waliwajibu, na mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi katika majarida ya kitaalamu. Msomaji wa gazeti yeye huletewa "mavuno hadi tani" kadhaa, na "hadi" maana yake ni jaruba lililofanya vizuri kuliko yote. Haambiwi kwamba shamba lisilojaa maji huota magugu mengi zaidi, na palizi ni fedha. Tena katika skimu ya Dakawa, yenye hekta zipatazo 2,000, maji huvutwa kwa pampu kutoka Mto Wami, hivyo mkulima mmoja hawezi kulowesha na kukausha jaruba lake kwa ratiba aitakayo.

Mashamba ya mpunga ni mazalia ya mbu pia, na familia inayosoma habari za mavuno ndiyo inayosoma habari za chanjo ya malaria. Hapo namba zimepotoshwa kwa namna nyingine, kwani zenyewe zilikuwa sahihi. Oktoba 2011 yalitangazwa matokeo ya awali ya chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa katika nchi saba za Afrika, kwetu ikiwa Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, iliwapunguzia malaria kwa takriban nusu katika mwaka wa kwanza. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa kwa wachanga wa wiki 6 hadi 12 kinga ilikuwa karibu asilimia 31. Ripoti ya mwisho ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba kwa wale wakubwa, hata walipopewa dozi ya nne, kinga ilikuwa asilimia 36 katika kipindi cha takriban miaka minne.

Chanjo hiyo bado ina thamani kubwa, na Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza mwaka 2021. Ila mama aliyebaki na neno "nusu" peke yake anaweza kukiacha chandarua mapema mno.

Mwaka huo huo wa 2021 ilivuma chanjo ya R21, yenye asilimia 77. Namba hiyo ilitokana na watoto 450 wa Burkina Faso, waliochanjwa kabla tu ya msimu wa malaria. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2024, ulipata asilimia 75 katika maeneo yenye malaria ya msimu, na 68 kwenye maeneo ambako ugonjwa hupatikana mwaka mzima, Bagamoyo ikiwamo. Kwa msomaji wa Morogoro, 68 ndiyo yenye maana.

Si haki kuwatwisha waandishi mzigo wote. Mwaka 1990, dawa ya Kemron ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilizinduliwa na Rais Daniel arap Moi mwenyewe kama tiba ya UKIMWI, na wagonjwa wakafunga safari kwenda Nairobi. Majaribio yaliyofuata, likiwamo la Uganda, hayakuona manufaa. Nako Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichunguza taarifa 462 za vyuo vikuu kwa vyombo vya habari na mwaka 2014 wakaeleza kuwa asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi kuliko utafiti wenyewe. Chumvi hiyo ilitiwa kabla mwandishi hajashika kalamu.

Hapa kwetu mwandishi hualikwa semina, hupewa taarifa iliyokwisha kuandikwa na posho ya nauli, na habari hutakiwa mezani kabla ya jioni. Kwenda kumuuliza mtafiti ni jaruba ngapi zilipandwa, na lililofanya vibaya lilivuna nini, huonekana ni kupoteza muda. Dakawa ina kituo chake cha utafiti wa mpunga, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma hupita hapo hapo. Magari ya vyombo vya habari huipita kila yanapowahi vikao vya Bunge, na ni nadra kusimama.